Mafurungu ya Magadi

Heroe hutaga yai moja tu. Hulitaga juu ya kichuguu cha tope alichokifinyanga kwa mdomo, katikati ya Ziwa Natron, mahali ambapo fisi hafiki kwa sababu tope lenyewe huunguza nyayo na maji yake ni makali kiasi cha kubabua ngozi. Upande wa kusini umesimama Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kama Wamaasai wanavyouita. Habari ya Kijivu lazima ianzie hapo. Wengi huianzia Bogoria, lakini wao waliisikia kutoka kwa Kongoti.

Yai lile liliatamiwa siku 28, mama na baba wakipokezana. Akatoka kifaranga mwenye manyoya ya rangi ya jivu na mdomo ulionyooka, maana mdomo wa heroe hupinda baadaye, polepole, kadiri mwenyewe anavyokua. Jina la Kijivu halikuwa tusi wakati huo. Vifaranga wote wa msimu ule walikuwa kijivu, maelfu kwa maelfu, na kila mmoja aliitambua sauti ya wazazi wake katikati ya kelele zile.

Alilishwa maziwa. Maziwa ya heroe hutoka kooni, mekundu kama damu, na baba huyatoa sawa na mama. Wekundu ule ni rangi ya mzazi mwenyewe. Heroe hazaliwi na uwaridi wake. Huula chembe kwa chembe katika mwani wa ziwa, na anapolisha mtoto huutoa tena mwilini mwake. Kijivu alipotimiza miezi miwili, mama yake alikuwa amepauka kama kanga iliyofuliwa misimu kumi. Majirani hawakumuuliza kitu. Nao walikuwa wamepauka.

Kabla ya kuruka, heroe hutembea. Maji yalipoanza kukauka, vifaranga walikusanywa kundi moja kubwa, wakubwa wachache mbele na wachache nyuma, wakaanza safari ya kutafuta chemchemi za maji baridi. Jua la Natron huyapika magadi mpaka yawe gamba, na gamba hilo hung'ang'ania mguu. Hatua ya kwanza huacha unga mwembamba. Hatua ya mia huacha ukoko. Mwisho mtoto hujikuta amevaa furungu gumu kama jiwe, hawezi kuinua mguu, na kundi limekwenda. Kijivu aliokoka kwa sababu mama yake alimfundisha jambo moja: inua mguu juu, ukung'ute, kisha uuweke taratibu kama unayekanyaga yai. Alitembea hivyo mchana kutwa, siku baada ya siku. Hakuna aliyemwambia kwamba huo ni mwendo, wala kwamba wako wanaolipa ili wautazame.

Kongoti alimwona ukingoni, miezi michache baadaye, mbawa za Kijivu zikiwa zimeshakomaa. Kila heroe anamjua Kongoti: kipara, mfuko ukining'inia shingoni, mgongo mweusi kama koti la sherehe. Mayai ya heroe anayapenda, na vifaranga pia. Siku ile alikuja kwa adabu.

"Shikamoo, mzee," Kijivu alisema.

"Marahaba, binti. Hebu simama wima. Geuka. Tembea mpaka kwenye lile jiwe, kisha urudi."

Akatembea, akarudi. Kongoti alimzunguka, akampima shingo kwa urefu wa mdomo wake, kisha miguu, kisha kifua, akitaja vipimo kwa sauti kana kwamba kuna karani anayeandika. Kijivu alitazama pembeni. Hakuwahi kujua kwamba ana vipimo.

"Miguu hii haifai kuzeekea hapa," Kongoti alisema. "Kule Bogoria kuna ngoma kubwa. Ndege wa maziwa yote hukusanyika kuitazama, na wachezaji nawapeleka mimi. Rangi tutaishughulikia."

"Rangi ina nini, mzee?"

"Huna."

Hilo ndilo somo lake la kwanza katika kazi, na alilipata kabla hajaondoka kwao: kwamba kuna kitu hana.

Mama yake aliuliza maswali matatu. Nani atamlisha? Atalala wapi, na nani? Akitaka kurudi, atarudishwa na nani? Kongoti alisema majibu yote yamo kwenye mkataba. Mkataba ulikuwa mikwaruzo ya mdomo iliyojaa kwenye tope bichi, safu kwa safu, na mama hakuijua kuisoma. Kongoti akasema tope hukauka upesi, waamue sasa. Kijivu akakanyaga mwisho wa safu. Alama ya vidole vyake vitatu ilionekana ndogo sana chini ya maneno yote yale.

Heroe husafiri usiku. Waliruka juu ya Magadi, wakaiacha Naivasha upande mmoja na taa za Nakuru upande mwingine, na alfajiri wakaiona Bogoria: mvuke wa chemchemi za moto ukipanda kama moshi wa majiko mia, na ukingoni mstari wa waridi usio na mwisho. Kijivu alisahau kupiga mbawa kwa dakika nzima.

Kongoti alimtambulisha mbele ya wakubwa. "Nilimkuta peke yake jangwani," alisema. "Yatima. Hajui hata sura yake. Nikamwokota."

Kijivu alifungua mdomo aseme kwamba ana mama, ana baba, na alikulia kati ya vifaranga maelfu. Kongoti akamkanyaga kidole.

Naomba kuisimamisha hekaya hapa kidogo, kwa sababu uongo huu una historia. Mwaka 1975 mpiga picha Mmarekani Peter Beard alikutana jijini Nairobi na msichana wa Kisomali aitwaye Iman. Alikuwa binti wa mwanadiplomasia, mwanafunzi wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mjuzi wa lugha kadhaa. Kabla ya kukubali kupigwa picha alitaka alipiwe ada ya chuo. Alipofika New York kuanza kazi ya uanamitindo alikuta amekwisha kutungiwa maisha mengine: mchunga mifugo aliyegunduliwa nyikani. Iman mwenyewe aliukanusha uongo huo, na alikuwa na elimu na ulimi wa kuukanusha. Ninaowafikiria mimi ni wasichana wasio na ulimi huo. Ukisema umemwokota mtu, umefuta waliomlea, na asiye na waliomlea hana wa kuuliza maswali matatu.

Turudi Bogoria.

Ngoma ya heroe huchezwa kwa kubanana. Shingo juu, vichwa vikigeuka kushoto na kulia, mamia wakitembea kwa kasi moja, na ghafla kundi zima hugeuka kama maji kwenye sinia linaloinamishwa. Hakuna anayetoa amri. Siku ya kwanza Kijivu alitazama miguu yake, na anayetazama miguu yake huikosa. Alijikwaa akaangusha wenzake watatu. Siku ya pili aliinua uso, lakini kundi lilipogeuka kushoto yeye aligeuka kulia, akajikuta ana kwa ana na nyuso mia tatu zinazomjia. Siku ya tatu aliambiwa achague kitu cha mbali akikazie macho. Akachagua nguzo ya mvuke ng'ambo ya ziwa, akaikazia macho bila kupepesa, mpaka mchezaji mmoja wa zamani akamwambia, "Mdogo wangu, uso wako unaomba msamaha. Umemkosea nani?"

Na miguu yenyewe ilimuuma. Watazamaji hudhani goti la heroe limepinda kinyumenyume. Lile si goti, ni kifundo cha mguu. Goti limefichwa juu ndani ya manyoya, na ndege mzima hutembea juu ya vidole. Msichana aliyevaa mchuchumio kwa mara ya kwanza atanielewa. Uzito wote unashukia vidoleni, kiuno kinakimbilia nyuma, magoti yanakataa kunyooka, na mtu aliyetembea tangu ana mwaka mmoja anajikuta hajui tena kutembea. Huo si ujinga. Mwili umepewa sheria mpya ya kusimama, na unahitaji majuma ya kuizoea, nyumbani, kwenye korido, ukuta ukiwa karibu wa kushika. Wanaowacheka wanafunzi wa jukwaani kwa kupepesuka wangepewa viatu hivyo kwa hatua kumi tu, wangenyamaza.

Kisha ukaja usaili. Asubuhi Kongoti alimpeleka kwa Mwari, mchana kwa Korongo Taji, jioni kwa Mnandi. Kila mahali walikuwa wamekwisha kufika wanafunzi arobaini, wamesimama juani kwa mguu mmoja wakisubiri kuitwa. Zamu yake ilipofika, wakubwa walizungumza wao kwa wao.

"Shingo nzuri."

"Rangi bado."

"Mdomo haujapinda vya kutosha."

"Mwingine."

Juma moja Korongo Taji alitangaza kwamba msimu huu kijivu ndicho kinachotafutwa, na Kijivu akaitwa mara tatu kwa siku moja. Alimtumia mama yake salamu kwa ndege wanaohamia kusini. Juma lililofuata ikatangazwa kwamba kijivu kimepita. Unyoya hata mmoja haukuwa umebadilika mwilini mwake. Alilala akijiuliza alichokosea, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote katika habari hii: kwamba mtoto hutafuta kosa ndani yake wakati jambo lenyewe ni upepo wa soko.

"Umenenepa," Kongoti alimwambia. "Wakubwa wanataka tumbo lililobanwa mgongoni. Acha kula."

"Lakini pia wanataka waridi, mzee."

"Ndiyo. Waridi, na tumbo tupu."

Kijivu alikuwa mchanga, lakini hesabu hiyo ingemshinda mtu yeyote. Waridi ya heroe iko ndani ya chakula. Huipati kwa kutamani, wala kwa kusubiri. Unaingiza kichwa majini, mdomo juu chini, unachuja mwani saa baada ya saa, na baada ya miaka mitatu au minne unyoya unakubali. Kumwambia heroe afunge ili awe waridi ni kumwambia atwike maji kwenye pakacha. Hata hivyo alifunga, kwa sababu wenzake wote walikuwa wamefunga na aliyekula alikula kwa kujificha usiku. Miguu yake ikaanza kutetemeka. Wakubwa wakausifu wembamba wake, wakalalamikia mtetemeko.

Haya si mambo ya hekaya peke yake. Mwaka 2006 mwanamitindo Luisel Ramos wa Uruguay, mwenye miaka 22, alifariki kwa moyo kusimama muda mfupi baada ya kushuka jukwaani mjini Montevideo. Mwezi Novemba mwaka huohuo Ana Carolina Reston wa Brazili, mwenye miaka 21, alifariki kwa maradhi yaliyotokana na kujinyima chakula. Maonyesho ya Madrid yalianza mwaka huo kuwakataa wanamitindo waliokonda kupita kiasi, na Ufaransa ilingoja mpaka 2017 kuanza kudai cheti cha daktari na kuagiza kwamba picha ya biashara iliyopunguza au kuongeza umbo la mwili iandikwe wazi kuwa imerekebishwa. Naziheshimu sheria hizo. Natamani tu zingekuwepo siku ile Montevideo.

Kwa Kijivu, Kongoti alileta dawa ya rangi: tope jekundu la ukingoni, lililochanganywa na mate yake. Alimpaka mabawa yote na shingo. Kwenye maji matulivu ya kidimbwi chake, ambacho alikizungushia miiba, alimruhusu ajitazame. "Hii ndiyo taswira nitakayowaonyesha wakubwa," akasema. Kijivu aliona heroe mzuri mwenye waridi kamili, na hakumtambua.

Siku ya ngoma kubwa wanafunzi walipangwa pembeni mwa kundi, upande wa nje. Kongoti alisema pembeni ndiko mtu anakoonekana. Alisema kweli. Katika Bogoria kuna Furukombe, tai mwenye kichwa cheupe. Ziwa hilo halina samaki, kwa hiyo hula heroe, na humchukua wa pembeni, aliye peke yake. Kabla ya ngoma alikuwa amekwisha kumtumia Kijivu mwaliko kupitia Kongoti: aje kwenye mti wake baada ya jua kuzama, waongee habari za kazi. Kongoti alisema kukataa kungekuwa utovu wa adabu kwa mkubwa kama yule. Kijivu alisema atafikiri.

Ngoma ilianza. Shingo juu, kushoto, kulia. Kwa mara ya kwanza Kijivu aligeuka pamoja na wenzake, na moyo wake ukapanda. Lakini kundi lilikuwa linaelekea kwenye chemchemi za moto, na mvuke ukawafunika wote. Waliotoka upande wa pili walitoka waridi kama walivyoingia. Kijivu alitoka na michirizi, tope likimtiririka shingoni mpaka kifuani, jivu likionekana kati ya mistari myekundu. Ndege wa ukingoni walianza kucheka. Mwari alicheka mpaka mfuko wake ukatikisika. Kijivu alitembea mpaka mwisho, kwa sababu hakujua la kufanya zaidi ya kutembea.

Usiku Kongoti alikuja na hesabu.

"Ngoma yako ya leo ni mikwaruzo kumi," alisema. "Miwili ni ya kwangu, ndivyo ilivyo kila mahali. Minane iliyobaki inaingia kwenye deni."

"Deni gani, mzee?"

Alimwonyesha ukuta wa tope uliokauka. Kumwongoza njia kutoka Natron: arobaini. Jiwe la kulalia: mitatu kila usiku. Tope la rangi: kumi na miwili. Kujitazama kidimbwini: kumi na mitano. Kumpeleka kwa Mwari, kumpeleka kwa Korongo Taji, kumpeleka kwa Mnandi, kila safari na mkwaruzo wake. Kijivu alihesabu mara mbili. Kwa kila ngoma aliyocheza, kabla ya ngoma nyingine kufika, deni lilikuwa refu zaidi.

"Ukienda kwenye mti wa Furukombe," Kongoti alisema kwa upole, "pengine nitafuta kidogo."

Kijivu hakwenda. Wala hakulala. Kabla ya mapambazuko alitembea mpaka pale chemchemi ya maji baridi inapoingia ziwani, mahali heroe wote huoga na kunywa, akaanza kujisugua tope. Hapo ndipo Bi Somo alipomkuta.

Bi Somo alikuwa mkongwe, mwenye alama nyeupe mguuni, na hakuna wakubwa waliomwita tena kwenye ngoma. Alimtazama mtoto akijisugua hadi ngozi ikaanza kuvimba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unaondoa nini?"

"Rangi."

"Na chini yake kuna nini?"

"Jivu."

"Vizuri. Jivu ni umri, si ugonjwa. Umekula?"

Kijivu alikaa kimya.

"Basi hatuzungumzi mpaka ule."

Wakaingiza vichwa majini, mdomo juu chini, wakachuja pamoja mpaka jua likatoka. Ndipo Bi Somo alipomwambia atembee. Kijivu akaanza: shingo imekazwa, macho kwenye mvuke wa mbali, miguu ikifuata alichofundishwa. Bi Somo akamsimamisha.

"Huo mwendo wa nani?"

"Wa Bogoria, bibi."

"Kwenu mlitembeaje?"

Kijivu aliona haya. Kisha akainua mguu juu, akaukung'uta, akauweka chini kama anayekanyaga yai. Hatua tatu. Nne. Bi Somo alikaa kimya muda mrefu, na alipozungumza hakuzungumzia ngoma.

"Nilisimuliwa na bibi yangu," alisema. "Mwaka 1962 heroe walitagia Ziwa Magadi, na magadi yakawavaa watoto miguuni. Mafurungu mazito kuliko mwili. Watoto hawakulia yalipoanza, kwa sababu yalianza kama unga. Kila hatua kidogo, kila hatua kidogo. Walipojua ni mzigo walikuwa hawawezi kuinua mguu. Wanadamu waliingia ziwani, wakashika miguu ile mmoja mmoja, wakayapasua mafurungu kwa kugonga polepole. Maelfu ya watoto waliokolewa hivyo. Unajua kwa nini mtoto hakuweza kulipasua mwenyewe?"

"Kwa nini, bibi?"

"Mdomo wake ulikuwa bado haujawa mgumu. Furungu la mguu wako linapasuliwa na mwingine. Kongoti amekuandikia kiasi gani?"

Asubuhi ile Bi Somo hakwenda kwa Kongoti peke yake. Alipita kwenye mawe ya kulalia akawaamsha wanafunzi wote, arobaini na zaidi, wakaenda pamoja mpaka kwenye ukuta wa tope. Kongoti aliwaona wanakuja, akapanua mbawa. Bi Somo alimwamkia kwa heshima, kisha akasema, "Mzee, tusomee. Kwa sauti."

"Hesabu ni siri ya kila mtu na wakala wake."

"Basi watasoma wenyewe. Nimekwisha kuwafundisha mikwaruzo njiani."

Kijivu alisoma kwanza. Sauti ilimkwama, ikaendelea. Jiwe la kulalia, mikwaruzo mitatu kila usiku. Heroe wa pembeni yake akasema, "Jiwe lipi?" Lile la karibu na mwamba mweupe. "Mbona hilo ni langu? Nami nalilipia mitatu." Wa tatu akasema hivyohivyo. Walipofika mwisho walikuta jiwe moja, ambalo heroe sita walilala wamebanana bila nafasi ya kukunja mguu, limelipiwa zima mara sita. Tope la rangi lilikuwa moja. Kidimbwi kilikuwa kimoja. Hata ile njia ya kutoka Natron, ambayo waliiruka pamoja usiku mmoja, kila mmoja alikuwa ameandikiwa peke yake.

Ninaposimulia hapa huwa naona chumba. Vitanda vya ghorofa, masanduku chini, wasichana sita kutoka nchi nne, bafu moja, na kila mmoja amekatwa kodi ya kitanda ambayo ingetosha chumba kizima. Tiketi ya ndege, picha za majaribio, chumba: yote hutangulizwa na wakala, na yote hukatwa katika malipo ambayo bado hayajaja. Mwaka 2023 gazeti moja la Uingereza lilieleza habari za vijana waliochukuliwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwenda kujaribu kazi ya uanamitindo Ulaya, na baadhi yao wakarudishwa kambini na madeni ya maelfu ya yuro. Kutoka kambini, kurudi kambini, na deni juu. Jimbo la New York lilitia saini mwezi Desemba 2024 sheria inayozuia wakala kuchukua zaidi ya asilimia 20 na inayomlazimisha kumpa mwanamitindo nakala ya mkataba. Ilianza kufanya kazi mwezi Juni 2025. Nakala ya mkataba wako mwenyewe! Ilibidi itungwe sheria.

Bi Somo hakuwa na sheria. Alikuwa na heroe arobaini na kitu, na walikuwa wameanza kubanana, shingo juu, kama kwenye ngoma. Walitembea juu ya ukuta wa Kongoti huku na huku, wote kwa kasi moja, na tope kavu likaanza kupasuka chini ya vidole vyao vyepesi. Haikuchukua muda. Kongoti alisimama kando akigongagonga mdomo. Hakufa, wala hakufukuzwa; yuko Bogoria hadi leo. Lakini tangu siku ile, anayekuja na mwanafunzi mpya huulizwa mbele ya wote maswali matatu, na hakuna usaili unaofanywa kwa mtu mmoja baada ya jua kuzama.

Kijivu alibaki. Nilidhani angerudi kwao, na aliyenisimulia alishangaa niliposhangaa. Aliipenda kazi, alisema. Aliipenda ile nukta ambapo mia tatu wanageuka na hakuna aliyetoa amri. Alikula. Alijifunza kulainisha manyoya kwa mafuta yake mwenyewe, yanayotoka penye shina la mkia. Aliitwa mara moja kati ya usaili kumi, kisha mara mbili, na aliyekataliwa naye walishuka pamoja majini kula. Akiwa na mwaka mmoja alikuwa bado kijivu, ila chini ya bawa la kushoto palikuwa na unyoya mmoja ambao alikuwa akiutazama asubuhi kabla wengine hawajaamka.

Msimu uliofuata lilishuka kundi kutoka kusini. Walikuwa wamechoka, wamejaa vumbi la magadi, na katikati yao alikuwako heroe aliyepauka ambaye hakuna aliyemgeukia. Kijivu alimtambua kwa mguu: uliinuka juu, ukakung'utwa, ukawekwa chini taratibu.

"Mama."

Mama alimtazama kutoka juu hadi chini, kama anavyotazamwa mtoto aliyerudi kutoka bweni. Waridi ilikuwa imeanza kumrudia mabegani, hafifu, kama wino uliochovywa majini.

"Umekonda," alisema. "Wanakulisha?"

"Najilisha, mama. Njoo. Pale kwenye maji baridi kuna nafasi."

Walikula pamoja mpaka mchana. Kisha, upande wa chemchemi za moto, kundi lilianza kukusanyika, na shingo zikaanza kupanda moja baada ya nyingine. Mama akamuuliza kama ule ndio mwendo wenyewe aliotoka kwao kuja kujifunza. Kijivu akasema atamwonyesha. Alijifuta mdomo, akaingia kati ya wenzake, si pembeni. Walienda hatua ishirini, thelathini, na waliogeuka walipogeuka, aligeuka.